Mteja wako huenda ameshatengeneza bidhaa yako ijayo. Nenda ukaione

Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom zilianza jaribio dogo nchini Kenya. Wateja wenyewe hawakufika 500. Wengi walikuwa wafanyabiashara wadogo wa Nairobi na Thika waliokuwa na mkopo wa taasisi ya Faulu Kenya.

Wazo lilikuwa jepesi. Badala ya mkopaji kubeba noti mkononi hadi kwenye kikao cha kikundi chake, alipe rejesho kwa simu. Basi, hilo tu.

Miezi ikapita. Waliosimamia jaribio walipotazama simu zinatumikaje, wakakuta mambo ambayo hakuna mtu aliyewafundisha wateja. Mikopo ilikuwa inalipwa, ndiyo. Lakini pia:

- Wafanyabiashara walikuwa wanalipana wao kwa wao.
- Wengine, wenye biashara kubwa kidogo, waliingiza pesa ya mauzo kwenye simu jioni ili ilale salama. Benki zilikuwa zimeshafunga, wakala bado yuko wazi.
- Wasafiri waliweka pesa mji mmoja, wakapanda gari mifuko mitupu, wakaitoa mji wa pili.
- Wengine walinunua muda wa maongezi kwa pesa ya simu, wakautuma kwa jamaa zao mashambani kama msaada.
- Mama mmoja alimtumia mumewe nauli ya kurudia nyumbani baada ya mume kuibiwa.

Nick Hughes na Susie Lonie, wawili kati ya walioiongoza kazi hiyo kutoka Vodafone, waliyaeleza mambo hayo kwa maandishi mwaka 2007. Na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, habari ya marejesho ya mikopo ilikuwa imewekwa pembeni. Ujumbe kwa wananchi ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Mitambo ilijengwa na wataalamu, hilo halina ubishi. Lakini kazi halisi ya mitambo hiyo ilionyeshwa na wachuuzi, wenye maduka na wasafiri ambao hawakuwahi kuitwa kwenye kikao chochote cha ubunifu. Kama waangalizi wangesema "hawa wanatumia vibaya, wafundisheni upya", pengine habari ingeishia hapo.

Hilo ndilo somo kwa kila anayetengeneza kitu cha kuwauzia wafanyabiashara wengine, awe na kiwanda au awe na karakana ya mtu mmoja.

Si kila mteja ana jibu

Kampuni nyingi zikitaka bidhaa mpya huwauliza wateja wengi maswali machache. Unapenda rangi gani? Ungelipa kiasi gani? Ungependa tuboreshe nini?

Majibu yanakuja, lakini mara nyingi ni yale yale: punguza bei, ongeza ubora. Mteja wa kawaida anaijua bidhaa aliyonayo. Kumwuliza kuhusu kitu ambacho hajawahi kukiona ni kumbebesha kazi isiyo yake.

Eric von Hippel, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, aliligeuza swali hilo. Mwaka 1976 alichapisha utafiti kuhusu vifaa vya kisayansi vya maabara. Alifuatilia ubunifu 111 na kuuliza: nani hasa alikuwa wa kwanza kuufanya? Karibu asilimia 80 ulikuwa umebuniwa na watumiaji wenyewe, yaani wanasayansi waliokuwa na shida kwenye meza zao. Watengenezaji walikuja baadaye, wakauboresha na kuuza.

Mwaka 1986 akaeleza vizuri ni watumiaji wa aina gani anaowazungumzia. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita mteja mtangulizi. Ana alama 2:

1. Anakutana na shida leo ambayo wengine wataipata kesho. Biashara yake imewahi kufika mahali ambapo soko zima linaelekea.
2. Akiitatua shida hiyo anapata faida kubwa. Kwa hiyo hasubiri mtu. Anafunga waya, anachomelea, anaandika daftari lake, anaunganisha vitu viwili ambavyo havikutengenezwa viunganishwe.

Mfanyabiashara wa Thika aliyeigeuza simu kuwa sefu ya usiku alikuwa na alama zote 2.

Kwa nini wafanyabiashara hasa?

Nyumbani, sufuria yenye mpini unaochoma ni kero. Unashika kwa kitambaa, maisha yanaendelea.

Kwa mtu anayepika chakula cha watu 100 kwa siku, mpini huo ni hasara. Unamchelewesha, unamuunguza msaidizi, mteja anaondoka na njaa yake. Atatafuta dawa wiki hiyo hiyo. Ndiyo maana wateja wenye biashara zao ni shamba zuri zaidi la mawazo mapya: shida yao ina bei, na wanaijua bei hiyo.

Chukulia fundi wa kuchomelea pale Kamukunji, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, anayetengeneza majiko ya wauza chipsi. Anauza jiko lile lile miaka mingi. Siku moja anapita kwenye kibanda cha mteja wake na kuona jiko limezungushiwa bati upande mmoja, limefungwa kwa waya.

Fundi mmoja atacheka: "Jamaa ameliharibu jiko langu."

Mwingine atauliza: "Hili bati la nini?" Ataambiwa upepo wa barabarani unamaliza mkaa na mafuta yanachelewa kupata moto. Papo hapo amepata habari ambayo asingeipata karakanani hata angekaa mwaka mzima.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mteja anajua upepo unatoka wapi, saa ngapi, na unamgharimu mkaa kiasi gani. Fundi anajua bati la unene gani linastahimili moto na likunjwe vipi lisikate mtu. Kila mmoja ana nusu ya maarifa, na nusu hizo hazihami kirahisi. Huwezi kuziandika zote kwenye karatasi na kumtumia mwenzako. Njia rahisi ni kuwakalisha pamoja.

Hilti na mafundi wa mabomba

Kama unadhani hii ni habari ya teknolojia kubwa tu, tazama kampuni ya Hilti. Ina makao yake Liechtenstein, nchi ndogo iliyo kati ya Uswisi na Austria, na inauza zana na vifungio kwa wajenzi.

Ilitaka mfumo mpya wa vishikizo vya kuning'inizia mabomba kwenye dari na kuta za majengo. Ni chuma, skrubu na komeo tu. Wapo watu wangesema hakuna kipya cha kubuni hapo.

Badala ya kuwafungia wahandisi wake ofisini, Hilti ilitafuta mafundi na wataalamu wa ufungaji wa mabomba ambao tayari walikuwa wamejitengenezea au kuvirekebisha vishikizo vyao wenyewe, kwa sababu vya dukani havikuwatosha. Kisha ikawakutanisha na wahandisi wake kwenye warsha ya siku 3. Wakachora pamoja, wakabishana, wakatoka na muundo mmoja.

Hapo kampuni ikafanya jambo la busara. Haikukimbilia kiwandani. Iliupeleka muundo huo kwa wateja wa kawaida ambao hawakuwa kwenye warsha, ikaona kama nao wanautaka. Wengi wao waliupenda.

Cornelius Herstatt na von Hippel walichapisha maelezo ya kazi hiyo mwaka 1992. Ukilinganisha na njia ya zamani ya kampuni, muda na gharama vilipungua kwa karibu nusu.

Kampuni ya 3M ya Marekani nayo iliijaribu njia hii miaka ya 1990. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulilinganisha mawazo yaliyotoka kwa wateja watangulizi na yale yaliyopatikana kwa njia za kawaida ndani ya kampuni hiyo. Makisio ya mauzo ya mawazo ya kundi la kwanza, kwa mwaka wa 5, yalikuwa zaidi ya mara 8 ya kundi la pili. Ni makisio, si pesa iliyokwisha kuingia benki. Lakini tofauti ya mara 8 si ya kupuuza.

Hata ndege hutengenezwa hivyo

Mwaka 1990 Boeing ilikuwa inapanga ndege mpya ya abiria. Ikayaita mashirika 8 ya ndege, yakiwemo United, British Airways, Cathay Pacific na Qantas, yakae na wahandisi wake tangu ndege ikiwa bado kwenye karatasi. Kwa desturi ya zamani, mtengenezaji alichora kwanza ndipo akamuuliza mnunuzi.

Mashirika yalisema wazi. Yalitaka chumba cha abiria kipana. Yalitaka majiko, vyoo na viti vinavyoweza kuhamishwa kwa muda mfupi, kwa sababu kila siku ndege inayokaa chini bila kuruka ni hasara. Hayo yakaingia kwenye muundo. Ndege hiyo, Boeing 777, iliruka mara ya kwanza Juni 1994 na kuanza kubeba abiria wa United Juni 1995. Hadi leo ni moja ya ndege kubwa zilizouzwa sana duniani.

Ila kuna kisa kingine ndani ya kisa hicho. Kulikuwa na wasiwasi kwamba mabawa ya ndege hiyo ni marefu, yangebana kwenye maegesho ya viwanja vya zamani. Boeing ikaandaa mabawa yenye ncha zinazokunjwa, kwa yeyote anayetaka.

Hakuna shirika hata moja lililoyaagiza.

Wapi mambo huharibika

Kisa cha mabawa kinafundisha kwamba kusikiliza si sawa na kutii. Mteja akisema "nataka", hajasema bado "nitalipia". Kwa kampuni kubwa, kosa kama hilo ni mstari mmoja kwenye hesabu. Kwa karakana inayoendeshwa kwa mkopo, kutengeneza vitu 50 visivyonunuliwa ni kufunga mlango na kubaki na deni.

Makosa yanayojirudia ni haya:

Kumfuata mteja mkubwa badala ya mteja mtangulizi. Anayenunua sana si lazima awe anayebuni. Wakati mwingine mnunuzi mkubwa ameridhika kabisa na bidhaa ya zamani. Aliyefunga bati kwa waya ndiye ana habari, hata kama ananunua jiko moja kwa miaka 3.

Kutengeneza kwa ajili ya mtu mmoja. Shida ya mteja inaweza kuwa yake peke yake, kwa sababu ya mahali alipo au kazi yake ya ajabu. Ukimfuata yeye tu, unageuka kuwa fundi wake binafsi. Ndiyo maana Hilti ilirudi kwa wateja wa kawaida kabla ya kuamua.

Kuona ukorofi pale penye ubunifu. Anayetumia bidhaa "vibaya" anaweza kuwa anakuonyesha soko. Kampuni nyingi hukimbilia kufuta udhamini na kumtishia.

Kuuliza na kunyamaza. Mteja akitoa wazo, kisha asisikie chochote mpaka alione dukani kwa bei ya juu, hatasema tena. Na atawaambia wenzake.

Uanzie wapi?

Huhitaji idara ya utafiti. Unahitaji miguu, masikio na daftari.

1. Tembelea bidhaa yako ikiwa kazini. Usimwite mteja ofisini kwako. Nenda kibandani, shambani, jikoni, gereji, saa ambayo kazi imepamba moto.

2. Tafuta kilichoongezwa. Waya, gundi, kipande cha mpira, alama ya kalamu, daftari la pembeni. Kama ni programu ya simu, angalia ni wapi mteja anatoka kwenye programu na kurudi kwenye karatasi au WhatsApp. Hapo ndipo bidhaa yako iliposhindwa na yeye akaendelea.

3. Uliza maswali ya jana, si ya kesho. "Ulifanyaje mara ya mwisho?" Jibu lake ni ushahidi. "Je, ungependa tukutengenezee?" Jibu lake ni adabu tu. Watu wetu wengi hawapendi kumvunja moyo mgeni, watakuambia ndiyo.

4. Omba jina la mwingine. Mteja mtangulizi huwajua wenzake. Uliza, "Nani mwingine anahangaika na jambo hili kuliko wewe?" Kwa maswali 3 au 4 ya namna hiyo unaweza kumfikia mtu ambaye ulikuwa humjui kabisa.

5. Tengeneza kimoja, si 50. Mpe akitumie wiki kadhaa, urudi ukaone amekigeuza vipi. Maana atakigeuza tu.

6. Peleka kwa wateja wa kawaida, kwa bei. Wasikuambie kama ni kizuri. Waone kama watatoa pesa, hata malipo ya awali kidogo. Hapo ndipo utajua kama ni bati la kuzuia upepo au ni mabawa ya kukunjwa.

Na mwenye wazo anapata nini?

Hili ndilo swali ambalo watu hulikwepa, nalo ndilo huvunja urafiki.

Muuza chipsi alifunga bati lake kwa sababu alikuwa na shida, hakuwa na mpango wa kuuza mabati. Utafiti wa von Hippel unaonyesha kwamba watumiaji wengi hutoa mawazo yao kwa hiari, kwa kuwa faida yao iko kwenye kutumia. Wanachotaka ni mtu wa kuwatengenezea kitu imara zaidi ili wao warudi kwenye kazi yao.

Lakini hiari ya mtu si ruhusa ya kumnyonya. Fundi akiuza majiko 200 yenye kinga ya upepo, na aliyemwonyesha akauziwa la kwake kwa bei ile ile kama mgeni, maneno yatakuja. Na yatakuwa ya haki.

Yasemwe mapema, kabla ya kazi kuanza. Je, mteja atapata la kwanza bure? Atapata punguzo la kudumu? Atalipwa kwa siku alizotumia? Atapata sehemu ya kila kitakachouzwa? Au yeye anataka tu shida yake iishe? Jibu lolote linafaa mradi wote wawili wamelikubali. Liandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja wenye tarehe na sahihi 2.

Kwa upande wa mteja, kama alichobuni ni kipya kabisa na anaona kina soko, asikimbilie kukionyesha kwa kila mtu. Kwanza aulize kuhusu hataza kwenye ofisi husika: BRELA kwa Tanzania Bara, au KIPI kwa Kenya. Kuuliza mapema ni rahisi kuliko kudai baadaye.

Kuna jambo jingine la kupima. Mteja wa kibiashara ana washindani. Akikuonyesha namna anavyofanya kazi, amekufungulia jiko lake. Kama kuna sehemu hataki jirani yake aijue, itaje na iheshimiwe. Ukivujisha siri ya mmoja, milango yote itafungwa.

Miaka 8

Turudi kwenye lile jaribio la 2005. Kati ya mambo waliyoonekana wakifanya wale wateja wachache, lilikuwemo hili: wafanyabiashara kulipana kwa simu.

Safaricom ilizindua Lipa na M-Pesa, huduma ya maduka na biashara kupokea malipo ya wateja, mwaka 2013. Leo namba ya kulipia imebandikwa ukutani kwenye maduka, vibanda na hoteli kila kona ya Kenya.

Wafanyabiashara wachache wa Nairobi na Thika walikuwa wameshaonyesha njia miaka 8 kabla. Walikuwa wanaendelea na biashara zao tu, kama anavyoendelea sasa hivi mteja mmoja wa kwako, na waya wake, na bati lake, akingoja upite umuulize: "Hili la nini?"